Keateka anasema tarehe kumi ananifungia nyumba. City Hall kuna ofisi ya kunisaidia?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pipeline, Embakasi, kwenye bedsita, yaani chumba kimoja, ya 7,500 kwa mwezi. Mkahawa ninaofanyia kazi ulipunguza zamu tangu mwezi wa pili, na sasa nadaiwa kodi ya Machi na ya Aprili. Keateka, yule anayetunza ploti na kukusanya kodi, ameniambia tarehe 10 ikifika bila pesa anaweka kufuli lake juu ya langu, na nikileta ubishi anang'oa mlango. Dada yangu yuko Leeds, Uingereza. Ananisukuma niende kwa halmashauri, maana huko kwao kuna ofisi inayomsaidia mtu kabla hajatupwa nje. Je, City Hall, makao ya serikali ya kaunti ya Nairobi, kuna ofisi kama hiyo? Na kama haipo, nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, dada. Nikuokolee nauli kwanza: City Hall hakuna kaunta ya namna hiyo. Ukifika pale utaulizwa wewe ni mpangaji wa nyumba ya kaunti au la, na ukisema la, utaelekezwa kwa chifu wako. Afadhali uanze na chifu tangu mwanzo, ila hata kabla ya chifu kuna karatasi moja unayopaswa kuiandika, na nitaifikia.

Dada yako hakukudanganya. Huko England kuna sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018, inayoilazimisha halmashauri kumshughulikia mtu anayeelekea kupoteza makao ndani ya siku 56. Afisa huketi naye, wakaandika mpango wake, na mara nyingi humpigia mwenye nyumba simu kuona kama deni linaweza kupangwa. Hata huko mambo si maziwa na asali, kwani familia nyingi huishia kwenye vyumba vya muda kwa miezi mingi. Lakini kaunta ipo, na afisa akimkataa mtu lazima aandike sababu.

Kwetu, Katiba ya 2010 katika ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kupata nyumba inayofaa, na Jedwali la Nne linataja nyumba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Tatizo ni kwamba kutoka ibara hiyo hadi mlangoni kwako hakuna sheria inayosema afisa fulani ni lazima akupokee Jumatatu asubuhi. Haki hiyo imetumika zaidi pale watu wengi wanapobomolewa kwa pamoja. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, walibomolewa mwaka 2011, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema katika kesi ya Mitu-Bell kwamba mahakama zaweza kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake. Ni uamuzi mkubwa, na unachukua miaka kumfikia mtu. Wewe una siku tisa.

Kazi ambayo kaunti inafanya kweli kuhusu nyumba ni kuwa landilodi, yaani mwenye nyumba, wa mitaa yake ya zamani, kama Jericho, Maringo, Bahati, Kaloleni na Ziwani. Kodi kule ni nafuu, na kwa sababu hiyohiyo nyumba hazibaki wazi. Zinarithiwa na kukodishwa kichinichini. Nakutajia hili kwa sababu mtu mwenye shida kama yako ndiye anayetafutwa na wajanja. Ukiambiwa utoe elfu thelathini "ya kufungua faili" ili upewe nyumba ya kaunti, funga mkoba uende zako.

Sasa tuje kwa keateka. Kuweka kufuli juu ya kufuli lako, kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji au stima ili uhame mwenyewe: hakuna hata moja kati ya hayo ambalo sheria ya Kenya inampa ruhusa kulifanya, hata kama unadaiwa mwaka mzima. Mwenye nyumba anayetaka kodi yake au nyumba yake ana njia zake halali. Ya kwanza ni notisi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema kuwa upangaji wa vipindi huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe, nayo iishe siku ya kulipa kodi. Wewe unalipa kwa mwezi, basi ni notisi ya mwezi mmoja kwa uchache, si maneno ya kwenye ngazi. Ukikataa kutoka baada ya hapo, anakwenda mahakamani kuomba amri.

Njia nyingine ni ya dalali. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi iliyolimbikizwa, lakini kazi hiyo inafanywa na dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Dalali wa kweli huja na karatasi. Ndani yake utaona jina na anwani yake, deni analodai, na orodha ya vitu alivyoviandika kimoja kimoja, televisheni, mtungi wa gesi, godoro, pamoja na muda wa kukomboa kabla ya mnada. Vijana watatu wa ploti wanaobeba TV yako huku keateka amesimama mlangoni si madalali. Omba karatasi, na kama hawana, piga picha nyuso zao na vitu wanavyobeba. Usipigane nao.

Kuna jambo ambalo washauri wengi hulirukia haraka, na wapangaji wakapoteza wiki nzima kwenye foleni isiyo yao. Utaambiwa na jirani, "Nenda kwenye tribunali ya kodi." Tribunali ni mbili. Moja inahusu maduka, hoteli na mikahawa, yaani nyumba za biashara. Hiyo haikuhusu kama unalala tu. Ya pili, ile ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, ndiyo ya nyumba za kuishi, na kwa mpangaji ni sheria nzuri ajabu. Inazuia mwenye nyumba kupandisha kodi atakavyo, inakataza kufukuzwa bila sababu zilizotajwa, na inamfanya landilodi anayemsumbua mpangaji makusudi ili ahame kuwa mkosaji wa jinai. Kasoro yake ni kiwango: inalinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha enzi nyingine. Leo 2,500 inakupa chumba cha mabati Mukuru, na hapo labda maji unanunua kwa mtungi. Mpangaji wa 7,500 Pipeline, wa 12,000 Kasarani, wa 25,000 South B, wote wako nje ya ua huo. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo linalowatupa watu wengi nje Nairobi, kuliko hata ubaya wa landilodi yeyote. Bunge limeletewa miswada ya kulirekebisha na bado tuko palepale.

Kwa hiyo wewe kwenu ni mahakama ya hakimu. Unaweza kuomba zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mwenye nyumba, chini ya hati ya dharura, ili usifungiwe wala kutolewa vitu hadi mambo yasikilizwe. Ada ya kufungua kesi ikikushinda, sheria inaruhusu kuomba uifungue bila ada kama mtu asiye na uwezo, na Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia wanyonge wa mji huu tangu 1973, hutoa ushauri bila malipo. Nenda ukiwa na makaratasi yako, usiende na hadithi tupu.

Hata hivyo sikushauri ukimbilie mahakamani kesho. Una deni, na hakimu atakuuliza swali lilelile ambalo landilodi anauliza: umelipa ngapi, na utalipa vipi zilizobaki? Anayejibu swali hilo kwa maandishi kabla ya tarehe 10 yuko pazuri kuliko anayelijibu tarehe 11 akiwa amekaa kwenye ngazi na magunia. Ndiyo maana nakwambia anza na karatasi.

Kwanza fanya hesabu bila aibu. Chukua unachopata kwa mwezi kwa zamu zilizobaki, utoe chakula, nauli na shule, uone kinachobaki baada ya kodi ya mwezi. Kikibaki 2,000, andika 2,000. Watu wengi huahidi 5,000 kwa sababu wanamwogopa mwenye nyumba, kisha mwezi wa kwanza wanashindwa, na hapo hata landilodi mwungwana anaona anachezewa. Kisha lipa chochote siku hiyohiyo ya barua, hata 3,000. Barua yenye malipo husomwa.

Iandike kwa mkono, kwa Kiswahili cha kawaida, namna hii:

"Kwa mwenye nyumba, nakala kwa keateka. Tarehe 2 Mei. Nakiri nadaiwa kodi ya chumba changu ya Machi na Aprili, jumla 15,000. Leo nimelipa 3,000 kwa M-Pesa, zimebaki 12,000. Kodi ya kila mwezi kuanzia sasa nitalipa kabla ya tarehe 10 pamoja na 2,000 ya deni, hadi liishe mwezi wa Oktoba. Ukiona hutaweza kukubali mpango huu, naomba unipe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, nami nitahama kwa utaratibu. Naomba chumba kisifungwe na vitu vyangu visitolewe bila amri ya mahakama."

Weka jina, namba ya chumba, na sahihi. Toa nakala mbili. Moja mpe keateka mbele ya jirani, umwombe aandike kwenye nakala yako "nimepokea" na tarehe. Akikataa kuandika, mwombe jirani aweke sahihi kama shahidi. Halafu piga picha umtumie mwenye nyumba au ajenti kwenye WhatsApp. Hili la mwisho usiliache. Keateka wengi hukaa bure kwenye ploti kwa sharti la kukusanya kodi. Akimwambia bosi "huyu mama ni mkaidi", bosi hana namna ya kujua kwamba ulishaleta mpango. Nimeona landilodi akishangaa kusikia kwamba mpangaji wake aliwahi kuomba muda. Kama hujui mwenye nyumba ni nani, angalia jina linalotokea unapotuma kodi kwa M-Pesa, au waulize wapangaji wa zamani.

Pamoja na barua, toa taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka mzima. Pale Pipeline wachache wana mkataba wa maandishi, na risiti nazo ni za kubahatisha. Malipo ya simu ndiyo ushahidi kwamba wewe ni mpangaji, ulianza lini, na ulilipa kwa uaminifu hadi Februari. Kuna landilodi wanaokwepa karatasi kwa kuogopa watu wa kodi ya mapato ya nyumba. Hilo ni lao na KRA, mamlaka ya kukusanya ushuru, wewe usilitumie kama tishio. Ukilitaja tu, mazungumzo yamekufa.

Dipoziti nayo itakujia akilini: "Si aikate pale?" Unaweza kuomba, lakini jua kwamba wengi hukubali tu ikiwa unahama, na ukiila sasa utakosa ya kuanzia nyumba nyingine. Ningeihifadhi hadi uamue kama unabaki.

Dada yako wa Leeds akitaka kusaidia, mwambie atume kiasi cha kodi ya mwezi mmoja moja kwa moja kwenye namba unayolipia kodi, si kwako. Si kwamba sikuamini. Pesa ikiingia kwenye simu yako katikati ya mwezi, kuna unga, kuna ada ya mtihani, kuna deni la mama mboga.

Baada ya barua ndipo uende kwa chifu, ukiwa na nakala. Chifu hana mamlaka ya kukufukuza wala ya kuamuru urudishwe, ingawa wapo wanaojifanya wanayo. Nguvu yake ni kuwaita nyinyi wawili na kuwaketisha, na landilodi wengi huja kwa kuwa wana mambo mengine wanayomhitaji. Mkikubaliana, yaandikwe palepale na kila mtu atie sahihi. Huduma hiyo haina ada. Mzee wa nyumba kumi anaweza kuanzisha mazungumzo kabla ya hapo, hasa kama anamjua keateka.

Tuseme yote yameshindikana, umerudi kazini saa mbili usiku na kuna kufuli la pili. Usilivunje. Najua wanaolivunja, na wengine wamejikuta wao ndio wanaoandikiwa taarifa ya kuharibu mali. Piga picha mlango saa ionekane. Nenda kituo cha polisi, uandikishe kwenye OB, kitabu cha polisi cha kuandika matukio, kwamba umefungiwa nje na nani, na ueleze kwa jina vilivyomo ndani: dawa ya mtoto, sare za shule, kitambulisho. Afisa akisema "hiyo ni kesi ya madai", mwitikie, lakini usitoke bila namba ya OB. Mara nyingine simu moja ya polisi kwa keateka kuhusu dawa za mtoto inafungua mlango. Usipofunguka, asubuhi ni kwa chifu, kisha Kituo cha Sheria au mahakama ya Milimani na ile hati ya dharura. Usiku wenyewe uwapeleke watoto kwa jamaa au kanisani. Wakikosa pa kulala kabisa, namba 116 ni ya kuwasaidia watoto na haina malipo. Kama aliyekufungia nje ni mume na kuna kipigo, ni 1195. Kwa mtu mzima aliyefungiwa tu kwa ajili ya kodi, mji huu hauna mahali pa kulala palipotengwa na serikali. Afadhali nikwambie hivyo kuliko nikupeleke ofisi hadi ofisi.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo ningekuuliza kama tungekuwa tumeketi: je, mkahawa utarudisha zamu zako? Kama unajua hautarudisha, basi kupigania bedsita ya 7,500 ni kujiongezea deni. Ng'ambo ya barabara, Kware au Mukuru kwa Njenga, kuna vyumba vya chini sana ya hapo, na watoto wanaweza kubaki shule ileile. Kuhama sasa, mchana, ukiwa na barua na makubaliano ya namna ya kulipa deni, kunakuachia jina lako na pengine dipoziti yako. Kuhepa usiku na mkokoteni, mtindo ambao Nairobi tunaucheka sana, kunakuachia deni lilelile, dipoziti imekwenda, na maajenti wa mtaa mmoja wanajuana. Na ukihamia chumba cha chini ya 2,500, ile sheria niliyoisifu inakulinda.

Utasikia pia kuhusu Boma Yangu, mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Jiandikishe, ni bure. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi anaingia kundi la nyumba za kijamii, na huenda ndiko uliko. Ila huo ni mpango wa kumiliki nyumba, unaotaka akiba ya kuanzia na subira ya miaka. Hautafungua kufuli la tarehe 10.

Ukiamua kuhama na dipoziti ikakataliwa bila sababu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya pesa yasiyozidi milioni moja na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Haiwezi kukurudisha kwenye chumba, kwa kuwa haishughulikii nani akae wapi, lakini pesa zako inaweza kuziagiza. Kumbuka landilodi naye anaweza kukupeleka hukohuko kwa deni lake, kwa hiyo mkubaliane hesabu kabla hujatoka: deni ni ngapi, dipoziti inakata ngapi, nani anabaki na nini, na iandikwe. Siku ya kutoka piga picha kuta, sinki, soketi, choo na namba ya mita ya stima, umlipe mwenye mkokoteni nusu tu hadi vitu vifike, na ufunguo umkabidhi keateka baada ya yeye kuandika kwamba ameupokea.